Bandani: Nimeuziwa Brahma orijino, mbona hawafanani na wa kwenye picha?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinazunguka jambo moja, mbegu za kuku. Watu wananunua vifaranga wa bei kubwa wakiambiwa ni damu safi, wanawalea kwa mapenzi yote, alafu miezi mitatu mbele wanaanza kujiuliza hivi hawa ni nini. Nimechukua barua chache nikazifupisha, na majibu nimeyarefusha pale ambapo naona hela za watu zinapotea.

*Shikamoo mwalimu. Naishi Chanika, nafuga kidogo nyumbani. Nilinunua vifaranga kumi na wawili wa Brahma kwa kaka mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja elfu ishirini, alinitumia picha ya jogoo mkubwa kweli kweli miguu yote manyoya mpaka chini akasema huyu ndo baba yao. Sasa wana miezi minne, wawili walikufa. Kati ya kumi waliobaki wanne wana manyoya miguuni ila machache, wanne vilemba vyao vimesimama kama kuku wetu wa kawaida, na mmoja ana miguu myeupe. Nikimuuliza ananiambia nisubiri wakikua watabadilika. Nisubiri au nimeshapigwa? Mama Nasra.*

Marahaba mama Nasra, na pole, laki mbili na arobaini sio hela ya kuchezea. Nikujibu kwanza alafu ndo nieleze: kilemba hakibadiliki. Kuku anazaliwa na aina yake ya kilemba, kinakua tu, hakihami kutoka aina moja kwenda nyingine, kwa hiyo hao wanne usiwasubirie kitu.

Brahma ana kilemba kifupi kilicholala karibu na kichwa, kina mistari mitatu ya vinundu na ule wa katikati umewazidi wenzake kidogo. Hata kifaranga wa siku moja ukimshika vizuri ukamwangalia pale juu ya mdomo kwenye mwanga utaiona ile mistari, midogo sana lakini ipo. Sasa hapa ndipo ilipo kesi yako. Jogoo Brahma wa damu safi akipanda hata tetea wa kienyeji kabisa, watoto wote wanachukua kilemba cha baba, kinaweza kutoka kimevurugika, kikawa kirefu kidogo au mistari isisomeke vizuri, ila hakitoki kile kimoja kilichosimama wima chenye meno. Wewe unao wanne wa hivyo. Maana yake yule wa kwenye picha kama ni Brahma kweli basi sio baba yao hawa wanne, baba yao ni kienyeji au chotara mwenye kienyeji ndani yake, na mama zao nao wana kienyeji ndani vile vile, ndo maana wajukuu wanarudi kwa bibi.

Huyo wa miguu myeupe naye anasema kitu. Brahma ana miguu ya njano, na rangi nyeupe ya ngozi ina nguvu kuliko njano, zikikutana nyeupe ndo inayojitokeza, kwa hiyo kifaranga akitoka na weupe lazima mzazi mmoja aliuleta. Ila usigeuze hiyo kanuni, miguu ya njano haithibitishi lolote maana kienyeji wengi tu wanayo.

Alafu manyoya ya miguuni, hiki ndo kinachowaponza watu wengi kuliko vyote. Ukimpandisha Brahma na kuku yeyote mwenye miguu mitupu watoto wanatoka na manyoya miguuni, machache, ila yapo, na mtu akiyaona anasema basi huyu ni Brahma. Hapana. Brahma mwenyewe manyoya yanashuka upande wa nje wa mguu mpaka kidole cha nje na yanafika kidole cha katikati, na kwa kifaranga utayaona kama vinyweleo vya malaika mpaka kwenye vidole. Chotara mara nyingi yanaishia njiani. Yaani usiangalie kama yapo, angalia yamefika wapi.

Kitu kimoja ambacho muuzaji wako anaweza kuwa na haki nacho ni mwili. Brahma anachelewa, na ukimlinganisha na Kuroiler, yule kuku wa mchanganyiko anayekua haraka, wa umri mmoja utalia bure. Anatengeneza kimo kwanza, mifupa na miguu, nyama inakuja baadaye sana, tetea wengi wanaanza kutaga miezi saba huko, na jogoo anaendelea kujaza mwili mpaka anavuka mwaka mzima. Kwa hiyo wale sita wengine kama vilemba vyao viko sawa na miguu ni ya njano usiwahukumu kwa uzito wa miezi minne.

Sasa niseme kitu ambacho naomba wote mnaosoma mkishike maana ndo mzizi wa malalamiko mengi ninayopata. Kuku kuwa wa damu safi ni jambo moja, na kuku kufikia vigezo vya mbegu yake ni jambo lingine kabisa. Brahma alitengenezwa Marekani kutokana na makuku makubwa yaliyoletwa na meli kutoka Shanghai miaka ya 1840, mwaka 1852 mfugaji mmoja wa kule akampelekea Malkia Victoria wa Uingereza zawadi ya kuku hao na sifa ikaenea, na Wamarekani walipotoa kitabu chao cha kwanza cha vigezo mwaka 1874 Brahma alikuwemo. Kitabu kile kinataja kila kitu, kilemba, jicho, mgongo, mkia, kila unyoya una rangi yake, na uzito: Brahma mweupe mwenye shingo ya mistari myeusi, jogoo mzima ni kilo 5.4 hivi na tetea kilo 4.3. Hao ni kuku wa kupeleka kwenye maonesho. Hata mfugaji bora kabisa wa huko, mwenye wazazi waliopata vikombe, akitotoa vifaranga hamsini wengi wao watakuwa na kasoro, huyu mkia umekaa vibaya, yule rangi imechafuka, yule mwepesi, na wote ni Brahma wa damu safi bila ubishi. Anabakisha wachache wa kuendeleza, wengine anauza bei ya kawaida au wanaliwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaranga wa siku moja akakuahidi atakuwa kama yule wa kwenye picha, anaahidi asichoweza kukijua, hata kama ni mwaminifu.

Na zile picha. Mwaka 2017 kuna video ya jogoo wa Brahma kutoka Kosovo ilizunguka dunia nzima, anatoka kwenye kibanda ananyanyuka mtu unashtuka, na tangu hapo kila mtu anataka yule. Muuzaji akikutumia picha mwambie hivi, kaka naomba video ya leo, wazazi wote wawili wakitembea, na wewe taja jina langu na tarehe kwenye hiyo video. Mwenye kuku hatakasirika. Asiye nao ataanza mara simu mbovu, mara kuku wako shamba lingine.

Alafu uliza tetea wake wanaishi na nani. Hili watu hawaliulizi. Tetea akishapandwa anabeba mbegu za jogoo ndani yake wiki mbili na zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na jogoo Brahma mzuri na tetea Brahma wazuri, ila kama wanatembea uwanja mmoja na jogoo wa kienyeji au aliwatenganisha juzi tu, yai linaweza kuwa la baba mwingine kabisa. Anatakiwa awatenge wiki tatu nzima ndo aanze kukusanya mayai ya kutotolesha. Na hapa nitoe hofu ya bure maana wengine wananiuliza: tetea aliyewahi kupandwa na kienyeji hajaharibika, zikipita hizo wiki na jogoo ni mmoja, watoto ni wa huyo jogoo.

Kwako mama, rudi kwa muuzaji na hizi hoja mbili, vilemba vilivyosimama na mguu mweupe, mpigie picha za karibu, na umdai tofauti ya bei kwa hao watano. Usimtukane, mwoneshe tu, wengi wao nao wamenunua kwa mtu wakaamini. Hao watano wale wa jogoo uwauze nyama, tetea wabaki kwa mayai ya nyumbani. Na ukija kutotolesha usiuze vifaranga vyao kama Brahma, sema chotara wa Brahma, bei ipungue na dhamiri itulie.

*Mambo vipi mwalimu. Nimepokea vifaranga hamsini wa Black Australorp huku Dodoma, nilitegemea weusi tii, kufungua boksi nakuta wana matumbo meupe, na wengine ncha za mabawa nyeupe na chini ya kidevu. Baba mdogo anasema nimeletewa chotara niwarudishe. Nifanyeje? Kijana wa Nkuhungu.*

Usiwarudishe. Hivyo ndivyo Australorp anavyozaliwa, mgongo mweusi, tumbo na koo na ncha za mabawa vina weupe au unjano fulani, na ukiletewa mweusi asiye na doa hata moja huyo ndo wa kumtilia shaka kidogo. Weupe unaondoka anapoota manyoya halisi, na akikomaa anakuwa mweusi unaong'aa kijani juani.

Ukitaka kujiridhisha mpindue uangalie nyayo. Australorp ana miguu ya giza lakini chini ya unyayo ni nyeupe, yenye upinki kidogo. Ukikuta unyayo wa njano hapo kweli uliza maswali, kuna Jersey Giant naye ni mweusi ila nyayo zake ni njano, au wamechanganya na kitu kingine. Australorp ana kilemba kimoja kilichosimama, na miguu mitupu isiyo na unyoya hata mmoja. Mwambie baba mdogo taratibu tu, anakutakia mema.

Na umechagua vizuri, hawa walitengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi wa Uingereza wakiangalia mayai kuliko kitu chochote, kwenye mashindano ya mwaka 1922 mpaka 1923 matetea sita walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, piga hesabu mwenyewe kwa kila mmoja. Lakini sio kwamba wako watataga hivyo, wale walichaguliwa na kulishwa kwa ajili ya shindano. Hakikisha tu aliyewatotolesha amewachanja ugonjwa wa mahepe (Marek) siku ya kwanza, na wewe shika ratiba ya chanjo za kideri na Gumboro, kifo cha kideri hakiulizi mbegu.

*Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 71, Sengerema. Nimefuga kuku wa kuchi tangu kijana, baba yangu alifuga, jogoo wangu ukimsimamisha anafika kwenye mapaja ya mtu. Sasa vijana wananunua majogoo kwangu, wanapandisha na Brahma na hawa Kuroiler, wanauza vifaranga mjini kama kuchi halisi. Mjukuu wangu amenunua wanane huko Mwanza, wamekua wana manyoya miguuni. Hivi kuna kitabu kinachosema kuchi ni yupi, kama hao wazungu wanavyofanya?*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ningependa kila kijana anayeuza kuchi aisome.

Hao wa mjukuu wako sio kuchi, hilo halina mjadala. Kuchi hana unyoya mguuni hata mmoja. Wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro walishawahi kuzunguka, wakawapima kuku wa asili wa nchi hii na kuwaeleza kwa makundi, kuchi yumo, singamagazi wa Tabora yumo, ching'wekwe wa Morogoro yule mfupi yumo, wa Mbeya, wa Unguja na wa Pemba nao wamo. Kwa hiyo maandishi yapo mzee, kuchi ameelezwa: mrefu, amesimama wima, shingo ndefu, miguu mirefu yenye nguvu, manyoya machache na hasa kifuani mpaka ngozi inaonekana, kilemba kidogo, mdomo mfupi umepinda kwa chini kama wa kasuku. Jogoo anaanzia kilo mbili na nusu kwenda juu.

Ila nikuambie ukweli, hayo ni maelezo ya kitaalamu, sio vigezo vya kuuzia na kununulia kama vya Brahma. Hakuna mtu anayekaa mnadani Mwanza na karatasi mkononi anasema huyu amepita huyu hajapita. Vigezo vya kuchi viko kwenye macho ya watu kama wewe, na hicho ndicho kinachoniuma, kwa sababu Brahma akivurugwa huku Tanzania kule Marekani na Uingereza yupo, wamemwandika na wamemtunza, kuchi akivurugwa Sengerema na Lamu tutaenda kumtafuta wapi? Watu wa pwani ya Kenya nao wanalia kilio hiki hiki, jogoo wa kuchi wa Lamu anauzwa bei ya mbuzi na kila mwenye kuku mrefu anamwita kuchi.

Na ubaya wa kuchi ni kwamba kifaranga wake wa siku moja hana alama ya kushika. Hana kidole cha ziada, hana kishungi, rangi zao ni zote, mweusi, mwekundu, wa madoa. Kuna mdomo, kwa jicho lako wewe utauona umeshaanza kupinda, mjukuu hawezi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuchi ni asinunue vifaranga kabisa, anunue wa miezi mitatu ambaye kimo na kifua vimeshajitokeza, au anunue mayai kutoka banda ambalo amesimama mwenyewe akaona baba na mama.

Nina ombi kwako mzee. Chukua daftari, au mpe mjukuu aandike. Kila jogoo wako na tetea wako, andika uzito akifika mwaka, kimo kutoka chini mpaka kichwani, rangi, kilemba, mdomo, baba yake nani mama yake nani, tetea ametaga mangapi kabla ya kulalia. Piga picha mbele na ubavuni. Ukiuza jogoo, muuzie pamoja na tetea wawili wa damu nyingine isiyo ya ndugu zake, ili kijana asipate kisingizio cha kumpandisha na Brahma. Alafu wasiliana na maafisa mifugo wa halmashauri yako wakuunganishe na watu wa utafiti wa mifugo, mwenye kuku wa familia vizazi viwili na kumbukumbu za maandishi wanamhitaji kuliko anavyowahitaji yeye.

*Mwalimu naomba kuuliza, nilinunua Kuroiler wakakua vizuri sana, nikatotolesha mayai yao, vifaranga vimetoka kila mmoja na sura yake na wamedumaa. Muuzaji aliniuzia feki? Msomaji, Kahama.*

Hapana, hakukuuzia feki. Kuroiler sio mbegu ya kuendeleza mwenyewe nyumbani, ni mchanganyiko uliotengenezwa India kwa kukutanisha mistari ya wazazi tofauti, na Sasso wa Wafaransa ni hivyo hivyo. Yule wa kwanza anayetoka kwa wazazi maalumu ndo mwenye nguvu zote. Ukipandisha Kuroiler kwa Kuroiler kila kilichochanganywa kinajigawa upya, huyu anamfuata babu, huyu bibi. Ukitaka wale wa mwanzo nunua tena kwa anayewatotolesha kutoka kwa wazazi, ukitaka kutotolesha mwenyewe miaka na miaka tafuta mbegu inayozaa sawa na yenyewe, Australorp, Rhode Island Red, au kienyeji wako uliowachagua. Na yeyote anayekutangazia Kuroiler wa damu safi ujue haelewi anachouza.

*Habari ya kazi mwalimu. Mdogo wangu anaishi Ohio, anakuja Desemba. Huko vifaranga wa Brahma na mayai yao wanauziwa mpaka kwa posta. Nimemwambia anibebee trei moja ya mayai kwenye begi, ya huko si ndo yenye uhakika? Baba Kelvin, Moshi.*

Baba Kelvin, mwambie asibebe. Mayai ya kutotolesha yanataka kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi kabla hayajaondoka na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali ya kule, na hiyo sio karatasi ya usumbufu tu. Marekani mafua makali ya ndege yamewasumbua tangu mwanzoni mwa 2022, wameua kuku kwa mamilioni. Trei moja kwenye begi inaweza kuleta msiba Kilimanjaro nzima. Wote tunakumbuka 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilivyochomwa moto kwa kuingizwa bila utaratibu, wengi tuliumia, mi pia niliumia, lakini mwenye mali ndo aliyepoteza.

Na hata sheria tukiiweka pembeni, hiyo imani kwamba ya huko ndo yenye uhakika sio kweli. Posta ya Marekani inasafirisha vifaranga wa siku moja tangu 1918, inawezekana kwa sababu kifaranga akitoka kwenye yai bado ana kiini tumboni kinachomtosha siku mbili tatu bila kula. Wanaouza kwa njia hiyo ni makampuni makubwa ya kutotolesha, na wao wanachagua wazazi wanaotaga mayai mengi yenye kuanguliwa, sio wanaofikia kile kitabu. Matokeo yake Brahma wao wengi ni wepesi, manyoya ya miguuni haba, na wanunuzi wa Kimarekani wanalalamika vile vile kama mama Nasra. Anayetaka wa vigezo hata huko anaenda kwa mfugaji mdogo wa maonesho, anasubiri foleni, analipa zaidi, na bado anaambiwa chukua kumi upate wawili wazuri.

Kingine, yai lililosafiri kwenye ndege, likatikiswa, likapigwa baridi na joto, chumba chake cha hewa kinalegea. Ungeweza kuweka thelathini kwenye mashine ukapata wachache mno. Hela hiyo ifanye nauli, nenda kwa mtu mwenye Brahma wanaojulikana hapo hapo kaskazini au Nairobi akuoneshe banda lake, ukiridhika fuata kibali kwa njia ya halali.

*Shikamoo mwalimu, niko kidato cha nne Zanzibar, nimeweka akiba ninunue Silkie, wale kuku wenye manyoya kama sufu. Kuna dada anauza wa siku moja, amenipa cheti kilichoandikwa ni damu safi. Nimeambiwa niangalie vidole vitano na ngozi nyeusi, nikiviona nilipe?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuweka akiba. Usilipe bado.

Cheti kwanza. Kuku hawana rejista ya ukoo kwa kila mmoja kama walivyo ng'ombe wa maziwa au mbwa wa mbegu. Hata huko Ulaya na Marekani kuku anapimwa kwa kutazamwa na kushikwa na jaji, hakuna karatasi inayofuatilia babu na bibi wa kifaranga. Kwa hiyo hicho cheti mtu amekichapisha mwenyewe, inawezekana kwa nia njema, ila hakikulindi. Cheti chenye maana kwako ni kadi ya chanjo yenye tarehe.

Kuhusu vidole, ni kweli Silkie ana vitano kwa kila mguu, ngozi ya giza, miguu ina manyoya, kilemba kimevimba kama kinundu na sio meno. Akikosa hivyo mwache. Ila akiwa navyo bado hujamaliza, maana hizo zote ni tabia zenye nguvu, jogoo wa Silkie akipanda tetea wa kienyeji watoto wanaweza kutoka na vidole vitano, ngozi ya kijivu mpaka nyeusi na vimanyoya vya miguuni, ukaangalia orodha yako yote ukaweka tiki. Kinachokosekana ni lile nyoya la sufu lenyewe, hilo ni dhaifu, linatokea tu likitoka kwa baba na kwa mama wote wawili. Na kwa siku moja huwezi kuliona, vifaranga wote wa siku moja wana malaika laini wanafanana.

Linaonekana mabawa yanapoota. Akifika wiki tatu au nne mfunue bawa, wa kweli manyoya yake ni nyuzi nyuzi zilizoachana hazishikani, chotara ana unyoya bapa wa kawaida uliofungana. Mwambie dada akulee hao unaowataka mpaka wiki ya nne, mpe kiasi kidogo cha kushikilia na umlipe chakula cha hizo wiki, andikianeni kwamba wasipotoka sufu anakurudishia. Akikubali nenda na mzazi wako au kaka siku ya kuwachukua, mchana, uwafunue mabawa mmoja mmoja. Chukua hata watano tu maana jinsia yao huwa inachelewa kujulikana na kati ya wawili unaweza kupata majogoo watupu.